Barakoa Kidevuni: Vijana na Kinga Wakati wa Korona

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kinga ina kheri kuliko tiba. Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, chanjo haikuwapo. Tegemeo lilikuwa kinga. Mwezi uliofuata, serikali ilitoa kanuni zilizomlazimu kila mtu kuvaa barakoa hadharani. Aliyezikiuka angeweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita. Amri ya kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi iliondolewa Machi 2022. Makala haya yanachunguza jinsi vijana walivyoivaa barakoa katika kipindi hicho na kueleza sababu zake.

Neno na Dhima Yake

Neno barakoa halikuzaliwa na korona. Asili yake ni Kiarabu, na katika mwambao wetu lilitaja vazi la wanawake lililofunika uso na kuyaacha macho wazi. Lilikuwa vazi la staha. Aliyelivaa alijistiri yeye mwenyewe. Barakoa ya wakati wa janga ilikuwa na dhima pana zaidi. Mvaaji anapozungumza, kuimba au kukohoa, kitambaa hunasa matone ya mate kabla hayajawafikia wenziwe. Jambo hili lina uzito kwa kuwa aliyeambukizwa korona huweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kuona dalili yoyote, na wapo wasioziona dalili kabisa.

Mazoea ya Vijana

Aliyeishi Kenya katika miaka hiyo atakumbuka mandhari haya. Kijana aliitundika barakoa kidevuni, au aliifunika midomo na kuiacha pua nje. Ndani ya matatu, barakoa zilipanda usoni kwa pamoja gari lilipokaribia kizuizi cha polisi, kisha zikashuka kizuizi kilipopitwa. Mlangoni pa duka kubwa, marafiki wawili waliazimana barakoa moja: wa kwanza aliingia nayo, akatoka, akamkabidhi mwenzake. Hapo kinga iligeuka kuwa njia ya kuambukizana.

Sababu Zake

Kwanza, wengi walikutana na barakoa kama amri kabla ya kuielewa kama kinga. Ikawa mithili ya kibali cha kumwonyesha askari. Asipokuwapo askari, haikuwa na kazi.

Pili, palikuwa na umaskini. Barakoa za kutupwa baada ya kutumiwa mara moja zilivaliwa kwa siku nyingi na wasio na fedha za kununua nyingine. Za kitambaa, zilizoshonwa na mafundi wa mitaani, zilifuliwa na kurudiwa, ila si zote zilizokuwa na tabaka za kutosha.

Tatu, uso ni sehemu ya lugha. Kijana hutania, hutongoza na hucheka kwa uso wake. Kuufunika mbele ya marika kulionekana kama woga, na kijana huogopa kuitwa mwoga kuliko kuugua.

Nne, na hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika, ni suala la kitenzi. Kitenzi kilichotamalaki kilikuwa kujikinga. Kiambishi -ji- humrejelea mtenda mwenyewe: anayekinga ndiye anayekingwa. Kijana aliyesikia kwamba korona huwaua zaidi wazee alijiuliza, na kwa mantiki kamili, ajikinge na nini? Laiti angaliambiwa amkinge nyanyake, kitenzi kingalimpa mtu wa kumfikiria. Shule zilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wengi walirejea nyumbani, na wengine wao waliishi chini ya paa moja na wazee hao.

Hitimisho

Si haki kusema kwamba vijana walikuwa wakaidi tu. Walioelewa walivaa barakoa, na wengine waliwahimiza wenzao. Hata hivyo, barakoa iliyoning'inia kidevuni inatufundisha kwamba amri pekee haijengi mazoea, na kwamba ujumbe wa afya huanza kufaulu au kushindwa katika uteuzi wa maneno. Janga jingine likitufika, wataalamu wa Kiswahili wasiitwe kutafsiri matangazo yaliyokwisha kuandikwa; washirikishwe tangu mwanzo katika kuyatunga. Mtu ni watu, na kinga ya kweli ni ile anayoivaa mmoja kwa ajili ya mwingine.