Kisarawe: Mji wa Vilimani Unaobeba Chanzo cha Mto Msimbazi

Msafiri anayetoka Gongo la Mboto na kupita Pugu Kajiungeni huanza kupanda mlima pasipo kutarajia. Barabara hupinda, nyumba hupungua na hewa hupoa. Huo ndio mwanzo wa Vilima vya Pugu, vinavyofikia zaidi ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umekaa mji wa Kisarawe, makao makuu ya wilaya hiyo ya Mkoa wa Pwani, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam.

Pembeni mwa mji ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Humo huishi komba mdogo wa Rondo, ambaye uzito wake haufiki gramu 100 na ambaye yumo katika hatari ya kutoweka. Wageni wengi, hata hivyo, huvutwa zaidi na mapango ya popo. Kwa hakika hayo ni mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengeneza vyombo vya kauri, rangi na karatasi. Jua likizama, popo hutoka kwa maelfu.

Wenyeji, Wazaramo, hulima muhogo, korosho na matunda. Mafundi wao wanajulikana pia kwa uchongaji wa mwana hiti, kinyago kidogo anachopewa mwali akiwa ndani. Historia ya taifa nayo imepita vilimani hapo: Mwalimu Julius Nyerere alifundisha Pugu hadi alipojiuzulu ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU.

Bidhaa moja ya eneo hili huleta gharama kubwa kuliko bei yake, nayo ni mkaa. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi na kuteremka kupitia Vingunguti hadi Jangwani, ukitenganisha Ilala na Kinondoni kabla ya kumwaga maji baharini karibu na Salender. Mti unapokatwa kilimani, mvua haipati kizuizi. Udongo huchukuliwa na maji, mchanga hujaa mtoni na mafuriko huongezeka bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya kaya zilizokumbwa zilihamishiwa Mabwepande, Kinondoni.

Serikali kupitia TARURA inatekeleza Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaonekana bondeni, likiwamo daraja la Jangwani. Kule juu, ulinzi wa msitu hauna jiwe la msingi wala utepe wa kukatwa, lakini mto ni uleule.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba mji huu wenye chanzo cha mto ulikuwa na shida ya maji kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2020, maji ya Ruvu husukumwa kutoka Kibamba hadi Kisarawe kupitia mradi wa DAWASA.