Sura ya Saba: Tohara na Hofu ya Uzembe

Kila ninapozungumzia tohara na VVU, hasa nikiwa Mombasa au Tanga, hapakosi mtu wa kuuliza: sisi wa pwani tunatahiriwa tangu enzi za mababu, mbona UKIMWI tunao? Muulizaji huona amemaliza mjadala. Hajaumaliza, kwa sababu hakuna mtafiti makini aliyewahi kudai kwamba tohara inafuta UKIMWI. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko hapo, nacho kimethibitishwa: mwanamume aliyetahiriwa hupunguza uwezekano wa yeye kuambukizwa na mwanamke. Basi. Hakuna lililosemwa kuhusu sindano za dawa za kulevya, wala mama na mtoto, wala mwanamume mwenye virusi anayelala na mkewe bila kondomu.

Nilikusudia kujibu madai matatu kwa zamu: kwamba tohara ni chanjo, kwamba inamkinga mwanamke, na kwamba inawafanya wanaume wawe wazembe. Nianze na la kwanza.

Ngozi ya ndani ya govi ni laini na ina unyevunyevu. Tabaka gumu linalofunika ngozi ya nje, upande huu ni jembamba, na chini yake zimejaa seli za ulinzi wa mwili, zikiwemo zile ziitwazo seli za Langerhans. Kazi ya seli hizo ni kunasa vijidudu na kuvipeleka kwa askari wengine wa mwili. VVU hushambulia askari hao hao, kwa hiyo kazi ya ulinzi hugeuka kuwa njia ya kuingilia. Wakati wa kujamiiana govi hurudi nyuma, ngozi ile ya ndani ikaguswa moja kwa moja na majimaji ya ukeni. Baadaye govi hurudi mahali pake na kuyafungia yale majimaji. Ongeza hapo michubuko na vidonda vya magonjwa ya zinaa, ambavyo hupenda kukaa humo humo. Ukiliondoa govi unaondoa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, lakini mrija wa mkojo unabaki, na ngozi nyingine inaweza kuchubuka. Chanjo haifanyi kazi hivyo.

Sasa ushahidi, kuanzia jaribio la Kisumu, Kenya. Watafiti walichagua mji huo kwa sababu Wajaluo, ambao jadi yao ilikuwa kung'oa meno ya chini na si kutahiri, walikuwa wengi bila tohara. Waliandikishwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote wakiwa hawana virusi. Kwa kura, nusu walitahiriwa mara moja na nusu wakaombwa wasubiri miaka miwili. Wote walipimwa, wakapewa ushauri nasaha, kondomu, na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa kuendelea kuwasubirisha wale wengine kungekuwa dhuluma: walioambukizwa walikuwa 47 upande wa waliosubiri na 22 upande wa waliotahiriwa. Majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini na Rakai nchini Uganda yalionyesha mwelekeo ule ule, na Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza tohara kama sehemu ya kinga.

Wale 22 nao walikuwa wametahiriwa. Anayesikia kwamba tohara hupunguza maambukizi kwa "asilimia 60" akaelewa kwamba katika kila mara kumi za kulala na mwanamke mwenye virusi, sita ni salama, amepotoka vibaya. Asilimia hiyo inalinganisha makundi mawili ya wanaume kwa kipindi fulani. Haimwahidi yeyote usiku wa leo.

Kisumu hiyo hiyo inajibu dai la tatu kabla sijalifikia. Wapo wasomi waliotabiri kwamba mwanamume akishatahiriwa atatupa kondomu na kuongeza wapenzi, hata faida yote ipotee. Hofu hiyo ilistahili kupimwa, na imepimwa. Katika jaribio, tabia hatarishi zilipungua pande zote mbili. Wenye hofu wakasema hayo ni ya kwenye utafiti, ambako watu wanashauriwa kila mara. Mpango wa taifa wa tohara ulipoanza mwaka 2008 mkoani Nyanza, ulimo mji wa Kisumu, watafiti walifuatilia kwa miaka miwili wanaume 1,588 waliotahiriwa na 1,598 wasiotahiriwa. Waliotahiriwa walijiona hawako hatarini kama zamani, na ni kweli, lakini hawakugeuka wazembe, na matumizi ya kondomu yaliongezeka katika makundi yote mawili. Orange Farm ndiko waliotahiriwa walieleza kufanya ngono mara nyingi kidogo kuliko wenzao, na bado walioambukizwa walikuwa wachache zaidi. Sioni haki ya kumnyima kijana huduma kwa kumshuku kwamba hawezi kujizuia.

Uzembe unaonitia hofu ni wa wiki sita za mwanzo baada ya kutahiriwa, na hapo ndipo dai la kumkinga mwanamke linapovunjika. Huko Rakai walitahiriwa pia wanaume waliokuwa tayari na VVU, wake zao wakafuatiliwa. Tohara haikuwakinga wanawake hao. Miongoni mwa wenzi waliorudia ngono kabla kidonda hakijapona, wanawake walioambukizwa ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 27.8, kwa waliosubiri, 9.5. Wenzi hao walikuwa wachache, kwa hiyo tarakimu zenyewe zisichukuliwe kama kipimo kamili, lakini kidonda kibichi ni kidonda kibichi. Na kwa asiye na virusi, kidonda hicho ni mlango wa kumwingilia.

Ndiyo maana sina subira na wanaomwambia kijana aliyetoka jandoni kwamba lazima alale na mwanamke ili "kuondoa mkosi". Hakuna mkosi hapo. Kuna mshono. Siku ya saba maumivu yamekwisha, amevua msuli na kuvaa suruali, anajiona mzima, kumbe chini ya ukoko nyama bado haijashikana. Mke aitwe siku ya ushauri nasaha, kabla ya ganzi, aonyeshwe picha ya kidonda kilichopona: hakina ukoko, hakitoi majimaji, ngozi imefunga pande zote. Zikitimia wiki sita, warudi kliniki wote wawili, mhudumu akague kwanza.