Je, Kanisa Letu Linawafikia Watu?

Karibu kila mwisho wa mwaka makanisa yetu huandika ripoti ya uinjilisti. Mara nyingi ripoti yenyewe huwa fupi: mikutano ya hadhara miwili, semina ya vijana moja, waliookoka 60, Bwana asifiwe. Wazee wanapiga makofi, katibu anafunga daftari, watu wanakwenda kunywa chai. Sasa sisi tunauliza swali moja tu, wala si kwa ubaya: hao 60 wako wapi?

Hatusemi kwamba mikutano ya hadhara haina maana. Wako wengi makanisani mwetu waliomjua Yesu wakiwa wamesimama uwanjani karibu na kipaza sauti. Lakini siku ya mkutano ni siku ya kupanda, na hakuna mkulima anayepima mavuno siku ile ile ya kupanda, hata kama mbegu alizotia shambani ni debe zima.

Tuanze na kazi ya daftari, maana haihitaji fedha wala mgeni kutoka Nairobi. Chukueni majina yaliyoandikwa mwaka jana baada ya mkutano. Waketi mchungaji, wazee wawili, mtu mmoja wa akina mama na mmoja wa vijana, wasome jina moja moja. Huyu ni nani? Anakaa wapi? Nani alimtembelea, na lini? Yuko katika mafundisho ya ubatizo? Tuseme kati ya majina 60 mnapata 14 ambao mnajua waliko. Msione haya mkalifunga daftari. Hao 14 ndio hesabu yenu ya kweli, na wale 46 ni watu, si makosa ya karani. Mara nyingi shida itaonekana papo hapo: mtu aliandika jina lake Jumapili, akangoja, na hakuna aliyebisha hodi. Wiki ya kwanza angemkaribisha yeyote. Kufika mwezi wa tatu ameshaamua kwamba yale yalikuwa maneno ya mkutano tu.

Halafu, kwa kila mmoja wa hao 14, ulizeni alitoka wapi. Swali hili halipendwi. Katika sensa ya mwaka 2019 zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya walijiandikisha kuwa Wakristo, na waliosema hawana dini yoyote walikuwa 755,750. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za nchi, huyo tunayemwita mshirika mpya huenda ni kondoo wa zizi la jirani aliyevutiwa na kwaya yetu, au aliyegombana na mchungaji wake. Apokewe kwa upendo, ndiyo, lakini asiandikwe kwamba ni tunda la uinjilisti. Kanisa linaweza kujaa mpaka likanunua viti vya plastiki vya kuweka nje, na katika mtaa mzima asiongezeke Mkristo hata mmoja. Wenye thamani kubwa katika hesabu hii ni wawili: yule ambaye hakuwa na kanisa kabisa, na yule aliyeacha miaka mingi akarudi.

Mkimaliza daftari, tokeni nje. Chora ramani ya eneo lenu kwenye karatasi kubwa: soko, stendi ya matatu, shule, zahanati, nyumba za kupanga, mahali pa chang'aa (kwani hatupajui?). Kisha semeni ukweli ni nani kati ya watu wa mahali hapo anayekuja kwenu. Kanisa lenye ibada moja tu, ya saa nne asubuhi Jumapili, limeshawafungia mlango makanga, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, waendesha bodaboda na wasichana wa kazi za nyumbani, bila kumkataza mtu yeyote. Ibada fupi ya jioni, au kikundi cha maombi siku ya kazi karibu na stendi, ingewafikia. Mlemavu wa miguu naye anakuta ngazi sita na hakuna mteremko wa kiti chake. Kiziwi anakuta mahubiri mazuri ambayo hasikii hata neno moja. Katiba ya mwaka 2010 inaitaja lugha ya ishara ya Kenya, lakini ni makanisa mangapi yenye mtu hata mmoja anayeijua? Na katika mitaa ya mijini, ibada inayoendeshwa kwa lugha ya kabila moja huku jirani ni wa makabila manane, hiyo nayo ni jibu la swali letu.

Vijana tuwataje kwa upande wao. Sensa ile ile ilionyesha kwamba kama robo tatu ya watu wa nchi hii walikuwa chini ya miaka 35. Hebu angalieni waliokaa katika kamati yenu ya uinjilisti. Mkiona mvi tupu, mmeshapata sababu moja.

Sasa nendeni kwa majirani. Hapa ndipo wengi wetu tunaogopa. Muulizeni mama anayeuza sukuma wiki karibu na lango la kanisa, muulizeni fundi wa baiskeli, mwalimu, hata jirani Mwislamu: watu wa kanisa hili mnawajuaje? Pengine watasema, "Ni wale walionisaidia kumzika mama yangu." Pengine watasema, "Ni wale wa kesha, hatulali Ijumaa." Yote mawili yaandikwe kama yalivyosemwa. Anayejibu hivyo hatukani kanisa. Anatueleza Injili yetu inavyosikika ikishavuka ukuta.

Habari ya misaada inataka uangalifu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma jinsi kanisa la kwanza lilivyopata manung'uniko kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakuyapuuza. Nasi tuna wajane wetu. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ilipita kaskazini mwa nchi bila mvua ya kutosha, na makanisa mengi yaligawa chakula. Kipimo chetu hapo ni chepesi: je, asiye wa kanisa letu alipata kibaba sawa na mshirika? Je, aliulizwa dini yake kabla ya kupewa unga? Unga ukiwa chambo, yule mtu atakuja, atakula, na mvua ikinyesha ataondoka, tena akiwa na haki ya kuondoka.

Tena wingi wa wafuasi na machozi visitudanganye. Mwaka 2023 nchi nzima iliona mambo ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Watu wale walikuwa wamemfuata mhubiri kwa bidii ambayo makanisa mengi hayana. Kwa hiyo, katika kupima, ulizeni pia kama muumini mchanga anaweza kumwuliza mchungaji swali gumu bila kuambiwa ana pepo. Anaruhusiwa kwenda hospitali? Bado anazungumza na wazazi wake? Akitaka kujua sadaka ilikwenda wapi, anaonyeshwa vitabu? Kanisa linalokataa kuulizwa lisihesabiwe kuwa linafanya vizuri, hata likijaza uwanja.

Kuna wazee watakaosema kwamba kazi ya Mungu haipimwi. Watatukumbusha Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na Johannes Rebmann, aliyeanza naye misheni ya Rabai mwaka 1846 akakaa mpaka 1875. Waliobatizwa katika miaka hiyo walikuwa wachache sana. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf yenyewe ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ni kweli, na tunakubali: ripoti ya mwaka mmoja isingewatendea haki. Lakini wale walikaa na watu, wakajifunza lugha yao. Hatuwezi kujificha nyuma ya Rabai ikiwa sisi hatujafika hata kwenye nyumba za kupanga zilizo nyuma ya kanisa letu.

La mwisho ni fedha. Jumlisheni mlichotumia kwa jukwaa, jenereta, vipaza sauti na chakula cha wageni, kisha andikeni kando yake mlichotumia baada ya mkutano, yaani nauli za kuwatembelea watu, Biblia, na posho ya mwalimu wa mafundisho. Mkikuta upande wa pili hauna kitu, anzeni hapo hapo. Wagawieni washirika wale 46, kila mmoja majina mawili au matatu, wale wanaokaa karibu naye. Waende wawili wawili, bila kipaza sauti, wapige hodi, wasikilize kwanza. Atakayesema hataki, aandikwe hivyo na aachwe kwa amani. Atakayekuwa amehama, atafutwe simu yake. Mwezi wa tatu daftari lisomwe tena mbele ya wazee wote, jina moja moja, na karani asiruke ukurasa.