Kazi Inapokoma, Moyo Nao Huumia

Maradhi ya akili hayaanzii kichwani peke yake. Mengine huanzia katika ghala tupu, katika deni lisilolipika, na mlangoni ambapo jirani amekoma kubisha hodi. Shirika la Afya Duniani, lilipoanzishwa mwaka 1948, lilieleza katika katiba yake kwamba afya ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu pamoja na wenziwe, wala si kukosa maradhi tu. Ndugu msomaji, ukitaka kuipima kauli hiyo, itazame Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora.

Katika karne ya 19 vijana wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo. Safari ilikuwa ya taabu, na wengi waliangamia njiani kwa njaa na ndui. Hata hivyo upagazi ulikuwa na heshima yake: kijana aliyeiona pwani akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Wengi walisafiri kiangazi, wakarejea mvua zilipokaribia. Aliyerudi mikono mitupu bado alikuta jembe, shamba na ndugu wa kulima naye.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukafika Lusu ujira wa namna nyingine: mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya kisasa nchini. Uchimbaji ulikoma mwaka 2013. Mgodi unapofungwa, popote pale duniani, wakia za dhahabu zilizotoka huhesabiwa. Usingizi uliopotea nyumbani hauandikwi katika daftari lolote.

Baba aliyezoea mshahara, akiukosa, hupoteza zaidi ya fedha. Hupoteza jina aliloitwa kazini, saa ya kuamkia, na wenzake wa zamu. Huona haya kukaa barazani; hukimbilia pombe, au hunyamaza. Mama hubeba mzigo wa wawili, na watoto hujifunza kuogopa kivuli cha baba yao. Hapo ndipo wengine husema karogwa, na siku za kumtibu hupita bure.

Taifa letu lilikwisha kutambua kwamba kazi na jamaa ni sehemu ya tiba. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imewapokea wagonjwa wa akili tangu zama za Mwingereza. Lakini baada ya Uhuru vilianzishwa pia vijiji ambamo wagonjwa walilima na kufuga, ili warudi kwao wakiwa watu miongoni mwa watu. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inasimamia matunzo yao.

Basi ukimwona wako halali, hali, amejitenga, au anatamka kwamba heri kufa, usimcheke wala usimfunge kamba. Kaa naye, msikilize, usimwache peke yake, kisha mfikishe upesi kwenye zahanati au kituo cha afya. Akipata nafuu, mpe kazi anayoiweza na nafasi yake katika shauri la nyumba.

Wahenga walinena kwamba mtu ni watu. Dawa hutolewa na mganga hospitalini; watu hutolewa na sisi, nyumba kwa nyumba.