Elfu hamsini za mwezi: mtengeneza programu wa Pujini anunue nini kwanza?

ChatGPT Plus, Claude Pro na Cursor Pro, zana za akili mnemba za kulipia, zimeangukia bei moja: dola 20 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,500, kiwango nitakachokitumia humu mote ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi 50,000. Kwa mwaka ni 600,000. Kijana aliyemaliza chuo kikuu cha SUZA akarudi kwao Pujini, Pemba, anayetengeneza tovuti za nyumba za wageni na mifumo ya maduka ya Chake Chake, hana mshahara. Hulipwa kazi ikiisha, na pengine muda mrefu baada ya kuisha. Mwezi huu ana wateja wawili, mwezi ujao hana hata mmoja, lakini kadi yake inakatwa miezi yote miwili.

Huyo ndiye ninayemwandikia, yeye na mdogo wake anayejifundisha usiku akishatoka skuli. Wanataka kufanya kazi haraka zaidi, na wanataka mwaka ukiisha wawe mafundi bora kuliko walivyoanza. Ni mambo mawili mbalimbali, ingawa wauzaji huyauza pamoja. Msimamo wangu ni huu: kwa anayefanya kazi Pujini, pesa ya mwanzo iende kwenye vitu vitakavyobaki naye bando likiisha, na akili mnemba ya kulipia isubiri kazi itakayoilipa.

Tuanze na bando lenyewe, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka mipaka ya bei ya MB moja ndani ya bando: isipungue shilingi 2.03, isizidi 9.35. Tukichukua mpaka wa chini, GB moja ni kama shilingi 2,000. Kwa kipimo hicho, kupakua Vim, programu ya kuandikia msimbo isiyozidi sana MB 10, ni shilingi 20. VS Code ya Microsoft, kama MB 100, ni shilingi 200. IntelliJ IDEA inakaribia GB nzima, yaani 2,000, na kila toleo jipya linadai tena. Zote tatu zina toleo la bure, kwa hiyo anayelinganisha bei zilizoandikwa tu hataona tofauti yoyote.

Matumizi ya kila siku yana mashimo makubwa zaidi. Anayevuta mradi kutoka GitHub akaandika tu git clone huletewa historia yote ya mradi tangu siku ulipozaliwa. Akiongeza --depth 1 huletewa hali ya leo peke yake. Anayesakinisha maktaba za JavaScript kwa npm aongeze --prefer-offline, mashine itazame kwanza kilichomo ndani kabla ya kwenda mtandaoni. Anayetumia Docker achague toleo la slim la Python: toleo kamili hupakuliwa kwa mamia ya MB, slim kwa makumi tu. Nyaraka za lugha anayoitumia azihifadhi kwenye DevDocs au Zeal, asome bila mtandao. Hakuna hata moja kati ya hizi inayodai senti. Kwangu mimi ndizo njia za mkato halisi za mtu wa shamba, kwani hazipunguzi tu muda wa kubonyeza vitufe, zinapunguza muda wa kusubiri, na Pujini kusubiri ndiko kunakokula siku.

Umeme nitaupitia haraka. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya Wesha. Hali imebadilika sana, lakini umeme bado hukatika, na anayechagua baina ya kompyuta ya mezani na laptopu asitazame nguvu peke yake. Laptopu inayokula wati 40 kwa saa nane hutumia 0.32 ya uniti. Kwa siku 26 za kazi ni uniti nane na kitu, matumizi madogo. Thamani yake iko kwenye betri: umeme ukikatika unaendelea, wakati mwenye kompyuta ya mezani bila UPS anapoteza alichokuwa akiandika. Ukinunua laptopu iliyotumika, pima betri kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na ikiwa imechoka, ipunguze kwenye bei.

Sasa vidole. Ustadi wa kibodi haulipiwi mwezi kwa mwezi, na ndiyo sababu hautangazwi. Vim ndiyo mfano bora, na ina udugu na upande wetu wa Afrika ambao wengi wanaoitumia hawaujui. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kituo cha watoto, akarudi na azma ya kukichangia. Alianzisha mfuko wa ICCF Holland, na kwa miaka mingi aliyefungua Vim bila kutaja faili alikutana na maneno ya kumwomba asaidie watoto wa Uganda. Programu ni bure, anayeweza, achangie. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na mafundi waliobaki wanaiendeleza. Nimeitaja habari hii kwa sababu tunapozungumzia gharama huwa tunasahau kwamba zana bora kadhaa zimelipiwa na ukarimu wa watu, na pengine siku moja fundi wa Pemba naye atakuwa na cha kurudisha.

Vim inakuja na somo lake, vimtutor, linalochukua kama nusu saa. Nusu saa hiyo haitakufanya fundi. Wiki mbili za mwanzo utakwenda taratibu kuliko zamani, na mwenye kazi ya kukabidhi kesho asianze leo. Kama Vim inakushinda, VS Code ina njia zake za mkato: Ctrl+P kufungua faili, Ctrl+D kuchagua neno linalofuata lililofanana, F2 kubadilisha jina la kitu mahali pote kwa mara moja. Jifunze moja kila wiki, itumie mpaka mkono uizoee. Zitakufaa hata ukihamia mashine ya mtu mwingine Unguja au Muscat.

Akili mnemba sasa. Bei zina ngazi nne. Ngazi ya bure: GitHub Copilot ilianza kutoa huduma ya bure Desemba 2024, mapendekezo 2,000 na mazungumzo 50 kwa mwezi. Ngazi ya pili ni Copilot ya dola 10, shilingi 25,000 kwa mwezi, au dola 100 kwa mwaka. Mwanafunzi wa chuo aliyethibitishwa kupitia mpango wa GitHub wa wanafunzi amekuwa akiipata bure, basi aliyeko SUZA au chuo cha KIST aombe kabla hajahitimu. Ya tatu ni zile za dola 20. Ya nne ni kuendesha modeli ndani ya laptopu yako kwa Ollama: Qwen2.5-Coder ya ukubwa wa 7B hupakuliwa kwa kama GB 4.7, kama shilingi 9,400 mara moja tu, na ndogo yake ya 1.5B kwa GB moja. Laptopu yenye RAM ya GB 8 itaibeba hiyo kubwa kwa taabu, ikitoa maneno taratibu na kumaliza chaji. Ile ndogo ina makosa mengi, ila inafanya kazi usiku ambao mtandao umelala.

Je, zinaharakisha kweli? Jaribio lililochapishwa 2023 kuhusu Copilot liliwapa watengeneza programu 95 kazi moja ya kuandika seva kwa JavaScript, na waliokuwa na msaada huo walimaliza kwa muda uliopungua kwa asilimia 55.8. Kisha Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ikatoa matokeo yanayokwenda kinyume: wazoefu 16, kazi halisi 246 ndani ya miradi wanayoijua vizuri, na waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba wenyewe, baada ya kumaliza, waliamini wameharakishwa kwa asilimia 20. Mimi nayasoma pamoja: zana hizi huokoa muda katika kazi mpya, ndogo, iliyokwisha kufanywa na wengi, na huupoteza katika mfumo wenye historia ambao fundi anaujua kuliko mashine. Kazi za Chake Chake nyingi ni za aina ya kwanza mwanzoni, halafu hugeuka za aina ya pili mteja anapoanza kudai marekebisho. Kwa hiyo pima kwa saa, usipime kwa hisia. Andika ulianza saa ngapi na ulimaliza saa ngapi, kazi tano ukiwa nayo na tano ukiwa huna.

Kuhusu kupangilia siku, ziko programu zinazotoza dola kadhaa kwa mwezi kukukumbusha uanze na upumzike. Nyingi zimechukua wazo la Francesco Cirillo wa Italia, aliyelitunga mwishoni mwa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi, mapumziko mafupi, kisha tena. Wazo ni zuri, lakini sioni sababu ya kulilipia Pujini. Adhana imeshaigawa siku. Baina ya alasiri na magharibi pana kama saa mbili na nusu, zinatosha kazi moja nzito. Baada ya alfajiri, kabla simu hazijaanza kuita, ndio wakati wa kujifunza. Saa ya simu itatosha kwa yaliyobaki.

Na kujifunza kuna bei iliyojificha. Coursera Plus ni dola 59 kwa mwezi, shilingi 147,500. freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, haitozi kitu, na vyeti vyake pia ni bure. CS50 ya Harvard ni bure. Cheti chake cha kulipia kupitia edX ni nusu milioni na ushei, lakini anayekamilisha kazi zote hupata cheti cha bure cha kozi yenyewe. Hata hivyo video ina ushuru wake. Saa moja kwa ubora wa 480p hukaribia MB 500, kwa hiyo kozi ya saa 40 iliyouzwa kwa punguzo itakutoza GB 20 zaidi, shilingi 40,000 za bando. freeCodeCamp ina maandishi na mazoezi kwa wingi, na kwa sababu hiyo pekee ningeiweka mbele kwa mtu wa Pujini.

Malengo ya mwaka nayo yahesabiwe hivyo hivyo. Kila cheti cha freeCodeCamp kimekuwa kikikadiriwa saa 300. Kwa saa mbili kila alfajiri ni siku 150, miezi mitano bila kukosa. Anayeandika Muharram kwamba mwaka huu atajua Python, React, Rust na usalama wa mitandao amejiahidi miaka miwili ndani ya mmoja, na huchoka kabla ya msimu wa karafuu. Lengo moja, lenye kitu cha kuonyesha mwishoni, kama mfumo wa kumbukumbu wa zahanati au daftari la duka linalofanya kazi bila mtandao, lina thamani kwa mteja kuliko vyeti vitatu.

Kwa elfu hamsini za mwezi wa kawaida, basi, ningegawa hivi: 30,000 za bando, karibu GB 15; 15,000 ziwekwe kando mpaka zitoshe betri mpya; 5,000 za akiba ya siku mtandao unapokuwa mbaya na inabidi kupanda daladala kwenda Chake. Copilot ya bure ijazie. Mwezi wenye mkataba mkubwa, lipia zana ya dola 20, iandike ndani ya bei unayompa mteja, na uzime malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo uliyojiunga, kwani huduma itaendelea mpaka mwezi uliolipia uishe.