Mchwa Hawajui Kama Umestaafu

Kwa babake mwenzetu mmoja hapa ofisini, huko Kitui, mambo yalianza na mlango uliokataa kufunga. Mzee alikuwa amemaliza mwaka mmoja tu tangu astaafu ualimu. Akadhani ni mbao zimevimba kwa sababu ya mvua. Akachukua bisibisi alegeze bawaba, na bisibisi ikazama kwenye fremu kama kisu kwenye embe lililoiva. Ndani hakukuwa na mbao tena. Kulikuwa na udongo na mchwa.

Alipoinua macho aliona mstari wa udongo, mwembamba kama penseli, umepanda ukuta hadi darini. Kumbe alikuwa akiuona kwa miezi! Hiyo ndiyo barabara yao. Mchwa hawapendi mwanga wala hewa kavu, kwa hivyo hujenga kijia cha udongo kutoka ardhini hadi penye mbao, kisha wanakula kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki safi. Na ukiona kumbikumbi wakitokea ndani ya nyumba yenyewe, au mabawa yamejaa dirishani baada ya mvua, usifurahie kitoweo tu. Kagua mbao.

Ukiwa kazini, shida kama hii inauma lakini inapita. Fundi atangoja mwisho wa mwezi, na sacco itakupa mkopo kwa sababu mshahara unaonekana. Mtumishi wa umma hapa Kenya anastaafu akiwa na miaka 60, na wengi walijenga polepole wakiwa na thelathini au arobaini. Kwa hivyo unapofunga ofisi, nyumba nayo inaanza kudai. Mwalimu alikuwa na pensheni ya kila mwezi na kiinua mgongo ambacho sehemu kubwa ilishaingia kwenye nyumba hiyo hiyo.

Jirani akamletea fundi. "Mwalimu, dawa inauzwa mjini, nitumie pesa yote nikuje nayo." Mzee akatuma 18,000 kwa namba ya fundi. Fundi alikuja kweli, na mtungi wa oili chafu ya gari. Akapaka mbao, akaondoka. Mvua iliyofuata, mchwa walitokea pembe nyingine ya nyumba, na simu ya fundi haikupatikana tena.

Oili hukaa juu ya mbao, lakini kiota kiko chini ya ardhi, pamoja na malkia wao. Dawa ya mchwa humwagwa kwenye udongo kuzunguka msingi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Kabla ya kulipa, shika chupa uisome: iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, iache hapo hapo. Na kuni, ziondoe ukutani. Za Mwalimu zilikuwa zimepangwa kando ya jikoni tangu nyumba ijengwe.

Mara ya pili alifanya tofauti, na hapa ndipo sisi tunaingia. Alipiga picha za uharibifu, akaomba bei kwa mafundi wawili. Dawa na mbao akalipia mwenyewe, moja kwa moja kwa namba ya tili ya duka, akasoma jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Pesa ya kazi akaigawa mara tatu: kidogo siku ya kuanza, nyingine katikati, na ya mwisho kazi ikikaguliwa. Ndiyo, kutuma mara tatu ni kulipa ada mara tatu. Tungependa kukuambia vinginevyo, lakini ada hizo ni ndogo kuliko 18,000. Meseji zote hakuzifuta, maana ndizo risiti zake.

Jambo moja ambalo tunaliona sana kwa wazee: fundi anasema, "Leta simu nikusaidie kutuma." Hapana. Simu ibaki mkononi mwako, na PIN ibaki kichwani. Kama macho yanasumbua, ngoja mtoto au mjukuu unayemwamini.

Wakati huo watoto waliopo Nairobi walikuwa wakichanga kwa kelele kila kitu kikiharibika. Sasa kila mtu anatuma kidogo kila mwezi, na Mwalimu naye anatoa chake siku pensheni inapoingia, kwenda kwenye akiba iliyofungwa ambayo ameiita "Paa". Wote pamoja ni kama shilingi 50 kwa siku. Kwa mwaka ni 18,250, karibu sawa na zile zilizoenda na oili. Mwezi uliopita panya walitafuna nyaya darini, na fundi wa umeme mwenye leseni alilipwa kutoka humo bila mtu kupigiwa simu usiku.

Malipo ya mwisho ya paa yalitumwa Ijumaa, saa kumi jioni. Mwalimu alikuwa amepanda ngazi mwenyewe, bisibisi mkononi, akidunga kila mbao, mkewe akiwa chini anamwambia ashuke.