Kupandikiza nywele Uturuki: maswali ya kuuliza kabla ya safari

Istanbul imekuwa kimbilio la wanaume wenye upara kutoka nchi nyingi, kwa kuwa gharama zake ni nafuu kuliko za Ulaya Magharibi. Bei hiyo mara nyingi hujumuisha hoteli na usafiri. Lisilotajwa ni jina la daktari.

Hilo ndilo swali la kwanza. Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa fani hii, ISHRS, imekuwa ikionya kwamba baadhi ya kliniki huwaachia upasuaji wasaidizi wasio na leseni.

Upasuaji wenyewe hauzalishi nywele mpya. Huhamisha vishina kutoka kisogoni, navyo havioti tena pale vilipotolewa. Akiba hiyo ina kikomo, na kijana ambaye upara wake ungali unaenea anaweza kuimaliza mapema. Ahadi ya maelfu ya vishina kabla kichwa hakijapimwa ni ya kutiliwa shaka.

Wenye nywele za kipilipili wana la ziada la kuuliza: mizizi yao hujipinda chini ya ngozi, na hukatika kwa urahisi mikononi mwa asiyeizoea. Ambaye majeraha yake huacha makovu yaliyovimba amweleze daktari mapema.

Nywele zilizopandwa kwa kawaida hudondoka katika wiki za mwanzo, jambo ambalo huwashtua wengi. Huanza kuota upya takriban mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili huonekana baada ya miezi 12 hivi, wakati mgonjwa amekwisharejea nyumbani, mbali na kliniki.